Kuchunguza Macho ya Wenye Kisukari Katika Kituo cha Afya: Mwongozo Kamili kwa Wahudumu

Mgonjwa wa kisukari anayefikishwa hospitali ya rufaa akisema kwamba jicho lake "limezima jana usiku" kwa kawaida haelezi jambo lililoanza jana. Damu iliyomjaa ndani ya jicho imetoka kwenye mishipa dhaifu iliyoota taratibu kwa miezi, na mishipa hiyo nayo ilitanguliwa na miaka ya uharibifu ambao haukumuuma, haukumwasha wala haukumpunguzia uwezo wa kuona. Katika miaka hiyo yote huenda alikuwa akihudhuria kliniki kila mwezi: alipimwa uzito, akapimwa presha, akatobolewa kidole, akapewa vidonge vyake vya metformini, akarudi nyumbani. Alikuwa ndani ya jengo letu, na hakuna aliyetazama nyuma ya jicho lake.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya maafisa tabibu, wauguzi na madaktari wanaoendesha kliniki za kisukari katika vituo vya afya na hospitali za wilaya, ambako daktari bingwa wa macho hayupo au huja mara chache kwa mwaka. Naomba msomaji aufahamu msimamo wangu tangu mwanzo: kupiga picha ya jicho ndiyo sehemu nyepesi ya kazi hii. Kazi huharibika kabla ya picha, pale ambapo hakuna rejista inayomwonyesha nani hajachunguzwa, na huharibika tena baada ya picha, pale ambapo mgonjwa hupewa karatasi ya rufaa na hakuna anayefuatilia kama alifika. Kwa sababu hiyo nitakaa muda mrefu zaidi kwenye sehemu hizo mbili kuliko kwenye kamera.

Kwa nini inafaa kumchunguza mtu anayeona vizuri

Sukari iliyozidi kwa miaka huzidhoofisha kuta za mishipa midogo ya retina, yaani utando ulio nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Mishipa hiyo hutuna vidoti vidogo, huvuja damu, maji na mafuta, na baadaye mingine huziba kabisa. Retina iliyokosa damu hutoa kemikali zinazochochea mishipa mipya kuota, lakini mishipa hiyo ni mibovu: hupasuka kwa urahisi, na makovu yake huweza kuivuta retina hadi ibanduke. Upande mwingine, maji yakituama kwenye makula, ambayo ni sehemu ya katikati ya retina tunayoitumia kusoma na kutambua nyuso, uwezo wa kuona hufifia polepole. Mambo haya mawili, mishipa mipya na uvimbe wa makula, ndiyo yanayopofusha, na yote mawili yanaweza kuwapo mtu akiwa bado anaona vizuri.

Matibabu yapo, na yamejulikana kwa muda mrefu. Mwaka 1976 utafiti mkubwa uliofanyika Marekani ulitoa matokeo yaliyoonyesha kwamba miale ya leza hupunguza kwa zaidi ya nusu hatari ya kupoteza uwezo wa kuona kwa kiwango kikubwa miongoni mwa wenye mishipa mipya. Leza, hata hivyo, hulinda kilichobaki. Hairudishi kilichokwisha kupotea. Ndiyo maana wakati una thamani kubwa kuliko ustadi wa daktari. Iceland ilianza kuwachunguza macho wenye kisukari kwa utaratibu maalumu mwaka 1980, na Uingereza ikaanzisha mpango wake wa kitaifa mwaka 2003. Takwimu za mwaka 2009 hadi 2010 za England na Wales zilionyesha kwamba, kwa mara ya kwanza katika takriban miaka 50, ugonjwa wa macho wa kisukari haukuwa tena sababu inayoongoza ya upofu uliosajiliwa kwa watu wa umri wa kufanya kazi. Mipango hiyo ilisimama juu ya orodha kamili ya wagonjwa na juu ya tabia ya kumwita kila mmoja, mwaka hadi mwaka, bila kuchoka.

Hatua ya kwanza: rejista kabla ya kifaa chochote

Chukua daftari kubwa, au kompyuta ikiwapo na umeme wa kuaminika, na uandike kila mwenye kisukari anayehudumiwa na kituo chako, si wale waliokuja wiki hii pekee. Anza na mafaili ya kliniki, kisha daftari la dawa, kisha orodha ya wagonjwa waliolazwa. Utashangaa ni wangapi wanaochukua dawa dirishani bila kumwona daktari mwaka mzima. Kwa kila mgonjwa andika namba ya kliniki, umri, aina ya kisukari, mwaka alipogunduliwa, kijiji au mtaa, namba ya simu yake na namba ya ndugu mmoja anayeishi naye. Namba ya ndugu si ziada. Wagonjwa wetu wengi ni wazee ambao simu zao hushikwa na watoto, na laini hubadilishwa mara kwa mara.

Kisha weka safu nne ambazo ndizo roho ya daftari hili: tarehe ya uchunguzi wa mwisho wa macho, matokeo ya kila jicho peke yake, tarehe ya uchunguzi unaofuata, na, kwa aliyepewa rufaa, tarehe aliyofika kwa daktari wa macho. Safu hiyo ya mwisho ikikaa wazi, mtu huyo bado ni mgonjwa wako wa haraka, hata kama wewe umekwisha kuandika karatasi yake.

Nani achunguzwe, na lini? Mwenye kisukari aina ya pili achunguzwe mara tu anapogunduliwa, kwa sababu mara nyingi amekaa na sukari ya juu kwa miaka bila kujua, na wengine hukutwa na madhara ya macho siku ileile ya kwanza. Mwenye aina ya kwanza aanze ndani ya miaka 5 tangu kugunduliwa. Baada ya hapo, wote hurudiwa kila mwaka, isipokuwa matokeo yakidai mapema zaidi. Mwanamke mwenye kisukari anayepata ujauzito anahitaji uangalizi wa pekee, kwa kuwa ujauzito unaweza kuuharakisha ugonjwa: achunguzwe mwanzoni mwa mimba na arudiwe katika kila kipindi cha miezi mitatu. Kwa hiyo kliniki ya wajawazito na kliniki ya kisukari lazima zizungumze. Mkunga anayepokea mama mwenye kisukari amlete upande wa pili wa jengo siku hiyohiyo. Aliyepata kisukari cha mimba tu, ambaye hakuwa nacho kabla, hahitaji uchunguzi huu.

Hatua ya pili: kuchagua njia inayowezekana kwenu

Kupima uwezo wa kuona kwa chati pekee si uchunguzi wa ugonjwa huu. Mtu anaweza kusoma mstari wa mwisho huku mishipa mipya ikiwa imekwisha kuota. Kifaa cha mkononi cha kutazamia ndani ya jicho, yaani ofthalmoskopu, kina manufaa yake, na vipo vya bei nafuu vinavyochajiwa kwa jua. Lakini huonyesha eneo dogo sana la retina kwa wakati mmoja, na tafiti nyingi zimeonyesha kwamba mtu asiye mtaalamu wa macho akikitumia peke yake huwapita wagonjwa wengi. Kitumie pale ambapo hakuna kingine, mboni ikiwa imetanuliwa, na uandike wazi kwamba ndicho kilichotumika. Usimwambie mgonjwa kwamba macho yake ni salama kwa sababu tu wewe hukuona kitu.

Njia inayokubalika zaidi ni kamera ya retina, ya mezani au ya kushika mkononi, inayopiga picha za nyuzi 45, picha mbili kwa kila jicho: moja ikiwa na makula katikati, nyingine ikiwa na kichwa cha neva, yaani mahali neva ya kuonea inapoungana na retina, katikati. Kituo kidogo hakihitaji kumiliki kamera. Kamera moja inayokaa hospitali ya wilaya na kuzunguka vituoni kwa ratiba inayojulikana ina maana zaidi kuliko kamera kumi zilizofungiwa makabatini. Nchini Tanzania, mratibu wa huduma za macho wa wilaya ndiye mtu wa kumwendea kwanza. Ukae naye, mpange siku ambayo kliniki ya kisukari inajaa, na kamera iwepo siku hiyohiyo. Ukimwambia mgonjwa arudi siku nyingine kwa ajili ya macho peke yake, umemwongezea nauli na siku ya kibarua iliyopotea, na wengi hawatarudi. Hawana uzembe; wamepiga hesabu na hela haikutosha.

Kuhusu programu za akili bandia zinazosoma picha: mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha ya kwanza inayotoa jibu bila daktari kusoma, na nyingine zimefuata. Zinaweza kusaidia sana mahali ambapo wasomaji wa picha ni wachache. Lakini zinahitaji picha safi, na hazimsindikizi mtu hospitali. Usinunue programu kabla ya kujua wagonjwa watakaokutwa na tatizo watatibiwa wapi na nani.

Hatua ya tatu: siku yenyewe ya uchunguzi

Anza kwa maswali machache. Amekuwa na kisukari kwa miaka mingapi? Ana presha, ana ugonjwa wa figo, ni mjamzito? Ameona vitu vyeusi vinavyoelea mbele ya jicho, kivuli kama pazia, au mistari iliyonyooka kuonekana imepinda? Amewahi kuambiwa ana presha ya macho, au kupata maumivu makali baada ya kuwekewa matone?

Kisha pima uwezo wa kuona kabla ya tone lolote kuingia jichoni, kwa sababu ukishatanua mboni kipimo hicho hakina maana tena. Chati iwe mita 6 kutoka alipo mgonjwa, umbali upimwe kwa futi kamba na kuwekewa alama sakafuni, na mwanga uwe wa kutosha. Kwa asiyesoma, tumia chati ya herufi E inayoelekezwa pande nne, na umwombe aonyeshe kwa mkono upande ambao vidole vya herufi vinaelekea. Mwenye miwani ya mbali aivae. Anza na jicho la kulia. La kushoto lifunikwe kwa kiganja, si kwa vidole, maana watu huchungulia katikati ya vidole bila kukusudia, wala lisibonyezwe. Andika mstari wa mwisho aliousoma: 6/6, 6/12, 6/60; 6/12, kwa mfano, maana yake anasoma akiwa mita 6 kile ambacho jicho la kawaida hukisoma likiwa mita 12. Asiyeuona mstari wa juu kabisa aulizwe idadi ya vidole unavyomwonyesha karibu, kisha kama anaona mkono ukipunga, kisha kama anaona mwanga.

Ikiwa jicho halifiki 6/12, lipime tena kupitia kitundu kidogo kwenye karatasi ngumu nyeusi. Akiona vizuri zaidi, huenda anahitaji miwani tu. Asipoona vizuri zaidi, kasoro ina uwezekano mkubwa wa kuwa ndani ya jicho: mtoto wa jicho, makula iliyovimba au neva, na huyo anakwenda kwa daktari wa macho bila kujali picha itasema nini. Hapa kuna jambo ambalo husahaulika: sukari inapopanda na kushuka sana, lenzi ya jicho hubadilika na uoni hubadilika nayo. Mgonjwa aliyegunduliwa juzi asikimbizwe kununua miwani. Asubiri sukari itulie kwa wiki kadhaa, la sivyo atanunua miwani ambayo haitamfaa mwezi unaofuata.

Kabla ya matone, tazama kwa tochi kama mboni zote mbili hujikunja sawasawa zikimulikwa. Kisha weka tone moja la tropikamaidi asilimia 1 katika kila jicho, ncha ya chupa isiguse kope, na umwombe mgonjwa afumbe macho taratibu na kubonyeza pembe ya ndani ya jicho, karibu na pua, kwa dakika moja. Mboni hutanuka ndani ya dakika 15 hadi 20. Macho yenye rangi nyeusi, kama yetu, huchelewa zaidi, kwa hiyo tone la pili ni jambo la kawaida. Fenilefrini asilimia 2.5 huongezwa wakati mwingine, lakini epuka kumpa mwenye presha ya juu sana au ugonjwa mkubwa wa moyo. Ile ya asilimia 10 isikaribie kliniki hii kabisa. Chupa iliyofunguliwa iandikwe tarehe, na baada ya siku 28 itupwe hata kama bado ina dawa.

Mweleze mgonjwa mapema kwamba ataona ukungu kwa karibu na mwanga utamchoma kwa saa 4 hadi 6. Asiendeshe gari, bodaboda wala mashine. Aje na kofia, mtandio au miwani ya jua, na ikiwezekana na mtu wa kumsindikiza. Hatari ya matone kuipandisha ghafla presha ya macho ni ndogo sana, lakini dalili zake lazima azijue: jicho kuuma sana, kuwa jekundu, kuona duara za rangi kuzunguka taa, kichefuchefu. Akizipata, arudi siku hiyohiyo, hata usiku.

Kwa wenzetu wa Pwani na Visiwani, swali la mwezi wa Ramadhani huja kila mwaka. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafii, yenye wafuasi wengi katika pwani yetu, hawayahesabu matone ya macho kuwa yanabatilisha saumu, lakini mgonjwa mwenye wasiwasi asisukumwe. Mpangie tarehe kabla ya mfungo au mara baada ya Idi, na uiandike kwenye rejista ili asipotee, isipokuwa ana dalili ya hatari; huyo hasubiri.

Picha zipigwe kwenye chumba chenye giza, mgonjwa akiwa ameegemeza kidevu na paji la uso barabara. Mpe muda apepese macho ili machozi yatandae, kisha piga. Baada ya kila picha, itazame kabla hajanyanyuka: je, mishipa midogo iliyo karibu na makula inaonekana waziwazi? Kama haionekani, rudia. Ukingo wenye kivuli humaanisha mboni haijatanuka vya kutosha. Mistari myeupe chini mara nyingi ni kope. Na ukiona doa lilelile, mahali palepale, kwenye picha za wagonjwa wawili tofauti, hilo ni vumbi kwenye lenzi ya kamera. Lifute kwa kitambaa maalumu kabla halijampatia mtu ugonjwa asiokuwa nao. Kila picha ipewe namba ya kliniki ya mgonjwa na jina la jicho papo hapo. Picha ya jicho la kulia ikihifadhiwa kwa jina la kushoto, leza inaweza kuelekezwa kwenye jicho lisilostahili.

Hatua ya nne: kusoma picha

Soma kwa mpangilio uleule kila mara: kwanza kichwa cha neva, lile duara la rangi ya manjano hafifu ambamo mishipa yote huingia na kutoka, kisha makula, kisha fuata mishipa mikubwa kwenda juu na chini. Vidoti vyekundu vidogo sana, vyenye ukingo mkali, ni mishipa iliyotuna, na ndiyo dalili ya awali. Madoa mekundu makubwa zaidi ni damu. Chembe za njano zinazong'aa ni mafuta yaliyovuja, na zikiwa karibu na makula zinamaanisha kwamba maji pia yamevuja hapo. Madoa meupe yenye ukingo laini, kama pamba, ni sehemu za retina zilizokosa damu.

Kipimo cha kimataifa kilichochapishwa mwaka 2003 kinagawa ugonjwa katika ngazi tano. Jicho lisilo na dalili yoyote ni ngazi ya kwanza, na lenye mishipa iliyotuna peke yake ni hafifu. Lenye zaidi ya hapo, lakini halijafika ukali, ni la wastani. Ukali hutambuliwa kwa kanuni ya 4, 2 na 1: madoa ya damu zaidi ya 20 katika kila robo kati ya robo 4 za retina, au veni (mishipa inayorudisha damu) zilizovimba vipandevipande kama shanga katika robo 2, au vimishipa vilivyopindapinda isivyo kawaida ndani ya retina katika robo 1. Yoyote kati ya hayo yanatosha. Ngazi ya tano ni ya mishipa mipya, au damu iliyomwagika ndani ya ute wa jicho. Uvimbe wa makula huandikwa peke yake, kwa sababu unaweza kuwapo katika ngazi yoyote yenye ugonjwa.

Muuguzi aliyefunzwa kupiga picha halazimiki kuhesabu madoa 20. Swali lake ni moja: je, jicho hili lina zaidi ya vidoti vichache vyekundu, au lina chochote karibu na makula? Jibu likiwa ndiyo, au likiwa "sina hakika", picha inakwenda kwa msomaji mwenye ujuzi zaidi. Na picha isiyosomeka haihesabiwi kuwa nzuri. Mara nyingi imeharibiwa na mtoto wa jicho, ambaye naye hutibika, na mgonjwa huyo anahitaji kuonwa na daktari wa macho kama yule aliyekutwa na ugonjwa. Nasisitiza hili kwa sababu nyuma ya ukungu huo ndiko ugonjwa mkali hujificha.

Hatua ya tano: uamuzi na rufaa

Fuata kwanza mwongozo wa nchi yako. Kenya, kwa mfano, ilitoa wake wa kitaifa mwaka 2017. Kwa ujumla, asiye na dalili, au mwenye dalili hafifu tu, hurudi baada ya miezi 12, huyo wa pili akihimizwa zaidi kuhusu sukari na presha. Mwenye ugonjwa wa wastani aonwe na daktari wa macho, kisha arudiwe kila miezi 6 hadi 12. Mwenye ugonjwa mkali afike kwa daktari ndani ya miezi 3. Mwenye mishipa mipya, au uvimbe uliofika katikati ya makula, afike ndani ya mwezi 1. Aliyepoteza uwezo wa kuona ghafla, aliyeona pazia likishuka au anayeonekana kubanduka retina, aondoke leo. Binafsi, mgonjwa anayeishi mbali na mwenye ugonjwa mkali nampeleka kwa haraka ileile ya mwenye mishipa mipya, kwa kuwa miezi 3 kwenye karatasi hugeuka mwaka njiani.

Sasa hapa ndipo kazi inapovunjika, kwa hiyo tukae. Mgonjwa anaona. Wewe unamwambia asafiri, pengine kilomita mia mbili, akatibiwe jicho lisilomsumbua. Mazungumzo huwa hivi:

"Mama, picha inaonyesha kwamba mishipa midogo nyuma ya jicho lako la kulia imeanza kuota vibaya, na inaweza kupasuka."

"Lakini mwanangu, mbona mpaka leo natunga uzi kwenye sindano bila miwani?"

"Ni kweli, mama, na ndiyo maana nakutuma sasa. Leza inalinda uoni ulio nao. Tukisubiri mpaka usiweze kutunga uzi, daktari hataweza kukurudishia."

Mwonyeshe picha yake mwenyewe, na uiweke kando ya picha ya jicho lisilo na ugonjwa. Mwite ndugu aliyemsindikiza asikie na yeye, kwani mara nyingi mwenye uamuzi wa nauli si mgonjwa. Zungumzia pia uvumi ambao lazima ameusikia, kwamba leza inapofusha. Usiubeze. Mtaani wanamkumbuka jirani aliyekwenda kupigwa leza akarudi haoni. Wasichokijua ni kwamba alikwenda akiwa amechelewa sana. Mweleze kwamba atakaa kwenye kiti, atatiwa dawa ya ganzi ya matone, ataona mimweko mikali na pengine kuhisi maumivu kidogo, na huenda akahitaji zaidi ya siku moja. Kwa uvimbe wa makula, mweleze kuhusu sindano ya dawa ndani ya jicho: bevasizumabu, iliyoko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2013, huhitaji kurudiwa, na ni haki yake kulijua hilo kabla hajaanza.

Kabla ya kuandika rufaa, piga simu. Iwe ni KCMC Moshi, Muhimbili, CCBRT au hospitali nyingine yenye idara ya macho, uliza kama mashine ya leza inafanya kazi, daktari wa retina yupo siku gani, gharama ni kiasi gani na bima inalipia nini. Kisha andika kwenye karatasi siku, chumba na jina la kliniki, pamoja na uoni wa kila jicho, ngazi ya ugonjwa, dawa anazotumia, presha na sukari. Ambatisha picha. Wagonjwa watatu au wanne wakipangiwa siku moja, wanaweza kusafiri pamoja na msindikizaji mmoja, na jambo hilo dogo huondoa hofu kuliko maelezo marefu. Wiki moja baada ya tarehe aliyopangiwa, piga simu tena. Asipopatikana, mhudumu wa afya ngazi ya jamii apite nyumbani.

Hatua ya sita: sukari na presha siku hiyohiyo

Matokeo ya picha yabadilishe matibabu, yasikae kwenye faili. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1993 kwa wenye kisukari aina ya kwanza ulionyesha kwamba udhibiti makini wa sukari ulipunguza hatari ya kuanza kwa ugonjwa wa retina kwa asilimia 76 na kuendelea kwake kwa asilimia 54. Wa Uingereza wa mwaka 1998, kwa aina ya pili, ulionyesha kwamba kuidhibiti presha barabara kulipunguza kuendelea kwa ugonjwa wa retina kwa asilimia 34. Dawa za presha zipo kwenye kabati letu leo. Leza ipo mbali. Pima pia protini kwenye mkojo, kwa kuwa mishipa midogo ya figo huumia pamoja na ya macho, na uvue viatu vya mgonjwa utazame miguu.

Kuna tahadhari moja. Mgonjwa aliyekaa na sukari ya juu sana kwa miaka, anayeanzishiwa insulini na sukari ikashuka kwa kasi, anaweza kuona ugonjwa wa retina ukizidi kwa muda. Hii si sababu ya kumnyima insulini. Ni sababu ya kumchunguza macho kabla ya kuanza, na kumrudia baada ya miezi michache badala ya mwaka. Na mwenye kutumia aspirini kwa ajili ya moyo asiiache kwa kuogopa damu jichoni.

Hatua ya saba: namba nne za kila mwezi

Mwisho wa mwezi, hesabu walioko kwenye rejista, waliochunguzwa ndani ya miezi 12 iliyopita, waliohitaji daktari wa macho, na waliofika kweli. Tuseme mnao 400, mmewachunguza 260, waliohitaji rufaa ni 40, waliofika ni 14. Vituo vingi vingeripoti 260 na kupongezwa. Lakini watu 26 wanajua, na ninyi mnajua, kwamba macho yao yamo hatarini, na majina yao yapo kwenye daftari lenu. Hao ndio kazi ya mwezi ujao, kabla ya kuwaita wapya. Kila mwezi pia tuma sehemu ya picha mlizozisoma kuwa nzuri kwa daktari wa macho azisome upya bila kuona jibu lenu. Mkitofautiana mara kwa mara, rudini mafunzoni.

Lipo kundi moja ambalo huondolewa kwenye rejista kimyakimya, nalo ni waliokwisha kupoteza jicho moja. Husemwa kwamba huyo "keshaharibikiwa", na safu yake huachwa wazi. Mtu huyo ana jicho moja tu lililobaki, lina sukari ileile na miaka ileile. Jina lake liwekewe alama nyekundu, picha yake ipigwe ya kwanza asubuhi kabla foleni haijaanza, na asiondoke kituoni kabla ya mtu kuisoma.